Somo Aliyenawa kwa Majivu

Jina lake silitaji. Wengine wote nitawataja, walio hai na waliokwisha kufa, na atakayeona nimemvunjia heshima aje tukae barazani tuambiane. Yeye simtaji. Si kwa kumwogopa, wala si kwa kumsitiri, maana sina cha kumsitiria. Ni kwamba kwetu mwari haliweki kinywani jina la mwanamke aliyemtoa. Mie nilimwita somo, naye akaniita somo, tukaitana hivyo tangu nilipovunja ungo mpaka siku niliyomwona mara ya mwisho pale Temeke, na ulimi wangu haujui kumwita vingine hata kwa kumlaani.

Kwa mtu wa bara asiyejua, somo ndiye mwanamke anayekutia ndani ukishakuwa mkubwa, akakufunza kuoga, kukaa, kujibu na kunyamaza. Siku ya kuolewa ndiye anayekupeleka kwa mume, akakaa nanyi fungate nzima akiwaletea maji na chakula. Mama anakuzaa, lakini ukikosea kwa mumeo hawamtukani mama, wanamtukana somo. Kwa hiyo tulimsikiliza kuliko tulivyowasikiliza waliotuzaa. Angeniambia nitembee kwa magoti kutoka Keko mpaka Kinondoni ningetembea.

Miaka yote tangu nilipomzika mume wangu nilitaka kujua jambo moja tu kutoka kwake. Alijua, au hakujua? Nikipika nawaza hilo, nikifua nawaza hilo. Kama hakujua, basi alikuwa mjinga kama sie, na mjinga kwa mjinga husameheana. Na kama alijua...

Nitaanza na uzuri wake, maana alikuwa nao.

Alikuwa mfupi, mpana wa kiuno, na vijiguu vidogo kama vya mtoto, akitembea husikii. Kipini cha puani hakikumtoka. Alikotoka hatukujua. Wengine walisema Kilwa, wengine Mafia, na ukimuuliza mwenyewe alikuambia ametoka chumbani anakwenda uani. Mtoto hakuwa naye. Mume alikuwa naye zamani, lakini huyo hakuzungumzwa. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, nyeupe kwa chokaa, na uani alipanda mlimao mmoja uliojua kuzaa kuliko miti yote ya Keko.

Ulimi wake ulikuwa wembe. Harusini Kinondoni mashangazi wa bwana harusi waliimba wakajisifu mpaka wakachosha watu, kijana wao hivi, kijana wao vile. Yeye alikaa akitafuna tambuu yake, wakanyamaza kupumzika, ndipo akasema kwa upole, "Wenzangu, hiyo kanzu mmemwazimia, nimeiona juzi kwa mtu mwingine. Sasa hata ndevu mngemwazimia, mbona mmemwacha hivyo?" Ukumbi mzima ulilala chini kwa kicheko, mashangazi nao wakacheka, maana ukikasirika mbele yake ulikuwa umejiongezea.

Na alikuwa na huruma, hili nalo lazima niliseme. Miaka ya vita, kanga zilipoadimika na wanawake wakawa wanajifunga magunia, alikuwapo mwari mmoja maskini wa kwa Azizi Ali, hana cha kuingia nacho kwa mume. Somo alikata doti yake akampa kipande kilicho kipya, yeye akabaki na kile kilichochujuka, akatembea nacho mjini mwaka mzima watu wakimcheka. Akasema mwari hatolewi uchi, na kungwi mzee nani atamtazama. Ukiwa mgonjwa alikuletea uji. Ukifiwa alifika kabla ya jamaa zako. Mtu wa namna hiyo utamshuku vipi?

Usafi ndio ulikuwa dini yake ya pili. Mboga aliosha mara na mara tena. Kupika alionja kila kitu, akidondosha mchuzi kwenye kiganja na kulamba, hata pilau ya watu alionja bila kuomba ruhusa. Isipokuwa kitu kimoja. Alikuwa na kikebe cha bati, kidogo cha kutosha kwenye ngumi, akikifunga kwenye pindo la kanga. Humo mlikuwa na kasumba, ile afyuni nyeusi inayonata kama ulimbo, chungu kuliko shubiri. Alichota kwa ncha ya pini, akavingirisha kwa vidole punje kama ya mtama, akampa wa kupewa. Kisha hakugusa kikombe, hakujigusa uso, hakuitia tambuu kinywani, mpaka atoke uani, achukue majivu jikoni, ajisugue vidole vyote, akamue ndimu juu yake, asuuze, anuse, asugue tena. Sie wari tulisema kwa kujivuna kwamba somo wetu ni mtu safi.

Yeye mwenyewe hakuila hata siku moja. Tulimuuliza. Akasema mpishi wa karamu haketi mezani.

Mume wangu aliitwa Bakari. Alikuwa kijana wa kutoka Lindi, seremala, kazi yake pale Keko kwenye kibanda cha makuti kando ya njia, yeye na fundi mwenzake mzee. Alikuwa na haya kama mwanamke. Alipokuja kuposa hakutazama juu, aliangalia mikono yake tu, na shangazi yangu aliyenilea akasema huyu ama ni mwizi ama ni mtu mwema. Alikuwa mtu mwema. Kitanda chetu cha harusi alikitengeneza mwenyewe, mvule mtupu, miguu ya kuchonga, na kwenye ubao wa kichwani akachora majani na ndege wawili wanaotazamana. Keko nzima ilikuja kukiangalia. Waliingia na kutoka kama wanaangalia maiti ya mfalme, wakigusa, wakisema mashaalah, na wengine hawakusema mashaalah.

Tulipoingia fungate, Bakari hakunigusa. Haya zilimshinda. Somo alijua kwa kutuangalia tu alipoleta maji asubuhi. Akakaa kitako mlangoni, akafungua pindo la kanga.

Akavingirisha punje moja akaitia kwenye kahawa ya Bakari, nyingine akaibandika kwenye asali akanipa mie. Akasema yake ni ya nguvu, yangu ni ya maumivu. Ndiyo dawa ya ndoa, waliopewa wote hawakumkosea shukrani. Bakari aliuliza kama ni halali. Akamwambia, "Bwana harusi, hapa mwanachuoni ni mie." Tukacheka, tukanywa.

Sitasema uongo, ilikuwa tamu. Si ulimini, moyoni. Kila kilichokuwa kinaniuma tangu utoto, mama kufa, masimango ya watu, kilikaa mbali kikinitazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Na Bakari haya zilimtoka. Tulizungumza, tukalala, tukaamka, tukazungumza. Kila siku alileta punje mbili. Fungate ikaisha, akasema tuongeze mpaka arobaini, kwa kuwa tulikuwa tunapendeza. Ndivyo alivyosema. Mnapendeza, wanangu.

Arobaini ilipokwisha akaenda zake kwa mwari mwingine, akatuacha. Kesho yake tuliamka tukipiga miayo isiyokwisha. Machozi yanatoka bila kilio, pua inachuruzika, tumbo linaharisha, mifupa inauma kama inasagwa, na Bakari anatetemeka juani. Shangazi akaja, akatuangalia, akakiangalia kitanda, akasema, "Nilijua. Watu wameingia humu bila kusema mashaalah."

Hapa ndipo tulipopotea, na sidhani kama wapo watu wengine duniani ambao wangepotea njia hii. Ugonjwa ulioletwa na kasumba tulikisingizia kitanda. Tulifukiza ubani uvunguni. Tulinywa kombe, ile zafarani ya aya iliyooshwa kwenye sahani. Bakari alifunika wale ndege wawili kwa kitambaa ili jicho lisiwapate tena. Hakuna kilichosaidia. Ndipo akaitwa somo. Akafungua pindo lake, akatugawia punje zetu, na kabla kahawa haijapoa tulikuwa wazima, tumekaa, tunaomba chakula. Shangazi akampigia magoti. Tangu hapo kila tulipoumwa tulisema husda imeamka, na kila husda ilipoamka tulijua aliko tabibu.

Jirani yetu mmoja, Mama Yohana, mke wa mwalimu, watu wa bara hao, Wakristo, aliniita siku moja uani kwake. Akasema kwa Kiswahili chake kizito kwamba tunachokula ni sumu, kwao aliona mzungu wa shamba alivyokwisha kwa kitu hicho. Nilikwenda kumsimulia somo. Somo akaigiza sauti yake mpaka tukashika mbavu. Mtu wa bara atatufunza ndoa? Sikumrudia Mama Yohana.

Sasa niwataje. Kasumba ilishuka bandarini ndani ya vifurushi vya ubani, ikafika kwa Mfaume, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa pale Keko, huyu anayejiita haji siku hizi. Mfaume ndiye aliyempa somo, na baadaye ndiye aliyetupa sie wenyewe, tulipokuwa hatuwezi tena kumngoja somo arudi kutoka harusini. Alikuwa anatufungia kwenye kipande cha karatasi ya sukari huku akituuliza habari za nyumbani. Wa pili ni Aloisi, konstebo. Aloisi alikunywa kahawa barazani kwa Mfaume kila jioni, mguu juu ya mguu, na alijua kila kilichomo nyuma ya debe la mafuta. Serikali ilipotaka mtu wa kufungwa, Aloisi hakuingia dukani. Alisimama hatua chache kutoka mlangoni akamkamata Bakari anatoka, punje yake kwenye pindo la msuli aliojifunga. Muuzaji akabaki barazani, akamsaidia Aloisi kumtukana mlaji.

Na Bakari alikuwa amekwisha kuharibika wakati huo. Fundi mwenzake, mzee wa watu, alikuja kuniambia kwamba mume wangu anasinzia na randa mkononi. Anaanza ubao, anafika katikati, anasimama, macho wazi, nzi wanamtua mdomoni. Kazi ya kuchonga miguu ya kitanda akapokonywa, akapewa kupiga msasa. Siku moja patasi ilimkata kidole kikaning'inia, akakitazama kama kidole cha jirani. Mzee akamfunga kitambaa huku akilia. Nilipomsimulia somo alisema kwa mzaha wake, "Somo, mwambie Bwana harusi vidole ni tisa tu sasa, asije akakosea hesabu ya tasbihi." Nikacheka. Nilikuwa nimemeza yangu asubuhi, ningecheka hata nyumba ikiungua.

Alimwita Bwana harusi siku zote. Wengine wakishaoa huwa baba fulani, au fundi fulani. Bakari kwa yule mwanamke alibaki Bwana harusi, na mbavu zimemtoka, na nguo zimemvaa badala ya yeye kuzivaa.

Kifungoni kwake ndiko kulikokuwa na nafasi ya kupona, ndiyo moja tu tuliyoipata. Huko ndani hakukuwa na kasumba. Alinisimulia kwamba aliumwa akadhani anakufa, akalala sakafuni akijikunja, waliofungwa naye wakammwagia maji, kisha siku moja akaamka akasikia njaa. Njaa ya ugali. Alirudi mnene, macho meupe. Alisimama mlangoni akaniambia mke wangu, haikuwa husda. Ni kile kitu. Kitanda hakina kosa. Akaondoa kitambaa juu ya wale ndege. Akasema nami ataniuguza, atanifungia ndani, atanishika mpaka iniishe, na Jumatatu anarudi kwa mzee kuomba kazi.

Somo alisikia kwamba amerudi. Akaja mchana na sinia la pilau, na wanawake watatu wa ngoma, akipiga vigelegele tangu njiani. Bwana harusi katoka, harusi ianze upya! Akanipaka hina mikono. Akamwosha Bakari miguu kwa maji ya asmini. Watu wakajaa, wakafurahi, na mie nilikuwa nafurahi, Mungu anajua. Kisha akaleta kahawa.

Bakari alinusa kikombe, akakirudisha. "Somo, hii nimeiacha."

"Umeacha nini, mwanangu? Dawa haiachwi. Unaoachwa ni ugonjwa."

"Nimeiacha, mama'angu. Nisamehe."

Alimtazama kwa huruma kweli, si ya kuigiza. Halafu akanigeukia mie, niliyekwisha kunywa yangu, akamwambia taratibu mbele ya watu wote, "Mkeo yuko huko ng'ambo peke yake. Utamwacha huko?"

Bakari alinitazama. Akakinywa.

Somo akatoka uani. Nilimsikia anakamua ndimu.

Baada ya hapo hapana cha kusimulia sana. Kitanda kilikwenda kwa Mfaume, na Mfaume akampa Aloisi, maana Aloisi alikuwa anaoa. Tulilala kwenye mkeka. Siku walipokitoa Bakari aliwaonyesha namna ya kukilaza ili kipite mlangoni bila kukwaruza ndege.

Mtoto nilitaka nimwache nje ya maandishi haya, lakini ataonekana kama hakuwepo. Alikuwa binti, Zena, alizaliwa kabla ya Bakari kufungwa. Alizaliwa akilia kilio kile kile cha husda, anatetemeka, anapiga chafya. Mie nilikuwa nimelala hoi kwa uzazi. Somo alimpakata, akamwimbia, akamlambisha kwa ncha ya kidole. Akanyamaza. Watu wakasema mikono ya somo ina baraka. Ukawa mtindo, mtoto akilia anapelekwa kwake, analambishwa, anarudi kimya. Alikuwa anatabasamu usingizini. Siku moja alirudi kimya, na kufikia adhuhuri tukaona kimya kimezidi. Somo ndiye aliyemwosha. Alilia kuliko mie, alilia mpaka akashikwa, na nywele zake alizinyoa. Lakini nakumbuka kitu kimoja. Asubuhi ile aliponirudishia mtoto, mikono yake ilikuwa inanukia ndimu.

Bakari alikufa mwaka mmoja na miezi baada ya kutoka kifungoni. Kifua, walisema. Alikuwa mwepesi, waliombeba walibadilishana kwa adabu tu, si kwa kuchoka. Mfaume alikuja mazikoni, Aloisi alikuja na kofia mkononi. Nikaingia eda, na mjane wa eda hatoki nje. Nikategemea somo ataniletea, na siku za kwanza aliniletea. Kisha akaitwa Bagamoyo kwenye harusi ya watu wakubwa, mabinti wawili kwa mpigo, akakaa huko mwezi na zaidi. Shangazi hakujua ninachohitaji, alidhani nalia mume. Nilitapika, nikajiuma mikono, nikagonga kichwa ukutani, nao wakasema masikini, alimpenda. Mama Yohana peke yake ndiye aliyeelewa. Aliingia, akanishika kichwa mapajani, akanifuta matapishi, siku nyingi. Sikuwa na nguvu ya kumcheka.

Kwa hiyo watu wanaponiambia wewe uliokoka, una moyo, mie huwaambia sikuokoka kwa moyo. Niliokolewa na harusi ya Bagamoyo. Isingekuwa harusi ile ningekuwa chini ya mchanga na Bakari.

Nilipotoka eda nilihama Keko. Nikaenda Temeke, nikaanza kuchoma vitumbua, na mpaka leo ndiyo kazi yangu. Sikumtafuta somo. Aliniletea salamu, sikuzijibu, na kwetu kutojibu salamu ya somo ni sawa na kumpiga kofi. Miaka ikapita, mingi. Siku hizi wanaume wa mtaa huu wanakwenda mikutanoni, wanarudi wakisema mkoloni anaondoka, kila ubaya utaondoka naye. Mie nawasikiliza huku nageuza vitumbua. Mfaume hakuletwa na meli ya mkoloni.

Kisha akaja Mwajuma. Huyu ni mwari mwenzangu, mdogo wangu kwa umri, ambaye somo alimfunza kazi ili amrithi. Akasema somo amehamia Temeke, anakaa kwake yeye Mwajuma, anaumwa, uvimbe tumboni, hapiti wiki. Anakutaja. Nikasema siendi. Mwajuma akasema, "Dada, mtu akifa na kinyongo cha mwari wake, atajibu nini huko?" Nikasema ajibu lolote. Alasiri sikuweza kukaa, nikafunga kanga nikaenda. Sikwenda kumsamehe. Nilikwenda na swali langu.

Nilimkuta amelala kitanda cha kamba, uso umekuwa mdogo, kipini kimekuwa kikubwa puani. Maumivu yalimjia kwa mawimbi, yakija anashika kamba za kitanda mpaka zinalia.

"Shikamoo somo."

"Marahaba somo." Akanitazama sana. "Umenenepa. Unakula."

Mwajuma aliingia na kikombe cha kahawa. Kikebe kile kile cha bati alikiweka wazi juu ya kigoda, karibu na goti langu. Akamwinua somo kichwa, akamwambia anywe, ni kidogo tu, apumzike mwili. Somo akafunga mdomo. Akaukaza kama mtoto anayekataa uji, akageuza uso ukutani. Mwajuma akanong'ona kwamba ndivyo anavyofanya tangu aumwe. Anapiga kelele majirani wanahama, lakini kuimeza hataki.

Wimbi likamjia hapo hapo. Alijikunja, akauma kanga. Kikombe kiko pale, kinafuka moshi. Lilipopita nikamwinamia.

"Somo, mbona hunywi? Si dawa?"

Alifumba macho. Akasema, "Hiyo sinywi. Mie naijua."

"Umeijua lini?"

Nje mtu alikuwa anatwanga, nikawa nasikia mchi tu.

"Kabla yako," akasema. "Mume wangu alikwenda nayo."

Nilikuwa nimebeba maneno ya kumwambia kwa miaka yote ile, nimeyapanga, nimeyanoa. Nikauliza tu kama mtoto, mbona sasa sie ulitupatia?

Alilifikiria, naona kwamba alilifikiria kweli.

"Mwari ukishamtoa, anakwenda zake, somo. Anazaa, anakusahau, unamkuta njiani anakupa shikamoo anapita. Nyie hamkupita." Akapumua. "Nyie wote mlirudi."

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni amevaa doti mpya, amejitia wanja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anachelewa, ana mwari Kinondoni anaingizwa leo, nimkalie mgonjwa mpaka arudi. Nikamwambia Mwajuma, umesikia alichosema. Akasema amesikia.

"Basi usiende nacho."

"Dada, wakwe wenyewe ndio wanaoulizia. Mwezi uliopita sikuwapa, wakasema kungwi gani huyu, afadhali aletwe mwingine. Mwingine atawapa zaidi."

Nilitazama kikebe. Kilikuwa karibu na goti langu, kifuniko kimekaa upande, na harufu yake ilikwisha kunifikia tangu nilipokaa. Nilitaka kukinyakua nikakitupe chooni. Ilikuwa kazi ya pumzi moja, choo kiko uani, Mwajuma asingeniwahi. Lakini ili nikitupe ilinipasa kwanza nikishike, na mikono yangu hii mie naijua. Nikaikalia. Nikaiweka chini ya mapaja yangu yote mawili, nikaibana, nikamtazama Mwajuma anainama, anafunika kifuniko vizuri, anakifunga kwenye pindo la kanga yake mpya, fundo moja, la pili. Akatuaga. Akanawa uani kwanza, nikasikia maji.

Somo akaanza kulia tena maumivu. Akaniomba nimkande mgongo. Nikatoa mikono chini ya mapaja, nikamkanda, uti wa mgongo umejitokeza kama tasbihi, nikamkanda mpaka jua likaingia mlangoni, si kwa mapenzi. Ilibidi mikono ipewe kazi.